Bi Funguo wa Kwenye Tivii

Saa nne ya asubuhi si saa ya mpishi wa hospitali kuonekana nyumbani kwake. Saa hiyo uji wa wagonjwa umeshanywewa, vikombe vinaoshwa, na sufuria kubwa za mchana zimeshapanda jikoni. Kwa hiyo Bibi alipomwona binti yake anaingia uani na aproni ameikunja kwapani, hakuharakisha kuuliza. Aliisimamisha pasi ya mkaa juu ya kipande chake cha tofali, akamalizia kukunja shati la mwalimu, mikono nyuma, kola juu, kama alivyokunja mashati ya watu kwa miaka thelathini na kitu.

"Wamekuachia mapema leo," alisema.

"Mama, ulisema nini kwenye simu?"

"Simu ipi? Mimi nina simu?"

"Ya Kidoti."

Kidoti, mjukuu, aliyekuwa anaosha vyombo pembeni ya bomba, aliacha kusugua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye alama nyeusi shavuni, amemaliza shule na anasubiri matokeo, na katika kusubiri huko simu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Lete hiyo simu," mama yake alimwambia. "Ile ya Alhamisi. Ile ya ndoo."

Walikaa watatu kwenye kizingiti, vichwa vimegusana, wakaangalia.

Ilikuwa hivi. Kila siku saa moja jioni, isipokuwa Jumapili, ilikuwepo tamthilia ya nchi za mbali, watu wake matajiri, wanalala na hereni, na maneno yao yamewekewa sauti za Kiswahili. Majina yao tu ndiyo hayakutafsirika, na yaligoma kabisa kukaa kwenye ulimi wa Bibi. Basi aliwapa majina yake mwenyewe. Baba mwenye mali alikuwa Mzee Kikohozi. Mtoto wake wa kiume, anayedanganywa asubuhi na jioni asijifunze, alikuwa Bwege. Mke wa Bwege alikuwa Machozi. Na wifi yake Machozi, yule mwanamke mrefu anayepita vyumbani kwa watu akifungua makabati, Bibi alimwita Bi Funguo. Majina yale yalishika. Hata Mama Mkaa, jirani muuza mkaa aliyekuja kila jioni na kigoda chake mkononi, akikosa siku moja alikuwa anauliza mlangoni kabla ya salamu, "Machozi ameshajifungua?"

Tena Bibi hakuwa mtu wa kuangalia kimya. Aliwaonya. Aliwasuta. Bwege akilia alimwambia, "Lia vizuri basi, mbona unachungulia kama tunakuona?" Mzee Kikohozi akiletewa dawa na Bi Funguo, Bibi aliinama mbele mpaka kiti kikanyanyuka miguu ya nyuma: "Usinywe. Mzee, nimekwambia usinywe. Haya, kunywa, sisi tutakuzika, suti si unayo?" Kidoti alianza kumrekodi kwa ajili ya rafiki zake, simu ameiegemeza kwenye glasi juu ya meza. Halafu akaanza kuziweka mtandaoni. Wakatazama watu elfu kumi na moja, kisha elfu sitini, kisha Bibi akaacha kuhesabu kwa sababu idadi ile haikuwa ya watu tena.

Lakini maoni yao alipenda kusomewa. Kidoti alimsomea jioni baada ya tamthilia kuisha. Mmoja aliandika kwamba angemjua bibi huyu asingeolewa na aliyemwoa. Mwingine aliomba Bibi arudie ile ya mwanaume anayelia huku amefunga tai. Bibi alisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani. Miaka yote ile ya kusugua kola za watu, hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini juu ya jambo lolote isipokuwa doa.

Sasa kwenye kizingiti aliisikia sauti yake mwenyewe. Kwenye runinga wifi alikuwa anashuka ngazi na kisanduku cha vito vya mama mgonjwa wa nyumba ile, na Bibi wa kwenye simu alikuwa anasema:

"Mtazameni Bi Funguo anavyotembea. Mtu akitembea hivyo ujue ile ndoo si ya sabuni. Juu kaweka tambara, chini sukari ya wagonjwa. Kila Ijumaa. Na mlinzi anamfungulia geti, anamwambia pole na kazi. Pole na kazi, Bi Funguo. Wagonjwa wananywa uji mchungu, watoto wako wanakula maandazi."

Kisha kicheko cha Mama Mkaa, kirefu, mpaka video ikaisha.

Hakuna aliyecheka kizingitini. Bi Funguo alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa msimamizi wa jiko la hospitali, na wapishi walimpa jina hilo kwa sababu ya kifungu cha funguo alichokining'iniza kiunoni; Bibi aliliazima tu kwa binti yake. Habari ya ndoo ilikuwa ya kweli. Binti aliileta nyumbani jioni moja akiwa amechovya miguu kwenye maji ya uvuguvugu, imevimba kwa kusimama, akasema, "Hili usimwambie mtu, mama." Na kweli Bibi hakumwambia mtu. Aliiambia tivii.

"Jikoni wameicheza wakati wa chai," binti alisema. "Dereva wa gari la wagonjwa amempita msimamizi mlangoni, akamwambia pole na kazi. Watu wamekufa kwa kucheka. Nikaitwa kwa katibu wa hospitali."

"Ukasemaje?"

Binti alikunjua aproni, akaikunja tena. "Ningesema nini? Ningesema mimi ndiye nimekwambia, nisingefika hata getini. Nimesema sijawahi kukwambia kitu. Nimesema unatunga. Nimesema… akili zimekuchoka, mama. Kwamba siku hizi unachanganya mambo."

"Umesema nimechanganyikiwa."

"Nimesema umezeeka."

"Kuzeeka nimezeeka," Bibi alisema. "Hilo halikuhitaji katibu."

Aliinuka kwa kushika goti, akarudi kwenye pasi. Ilikuwa imeshapoa. Mshahara wa jikoni ndio uliolipa chumba na ukumbi, umeme wa ile runinga, na ada ya Kidoti kama matokeo yangekuwa mazuri. Mashati ya mwalimu yalilipa chumvi. Bibi alijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Aliupuliza mkaa, majivu yakamrukia usoni.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Bi Funguo anakuja kesho. Mwenyewe."

*

Bibi alimtarajia mwanamke mrefu mwenye hereni kama bangili. Aliyeinama mlangoni alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, sweta limefunika funguo, viatu vimeshonwa upya ubavuni kwa uzi usiofanana. Alivivua. Alisema "Shikamoo mama" na kusubiri aitikiwe. Alipewa maji, akanywa yote, akaiweka glasi chini polepole isilie.

"Hata mimi naiangalia ile tamthilia," alisema. "Yule mwanamke simpendi."

"Hata mimi," Bibi alisema.

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, Kidoti amesimama na simu ameificha nyuma kama mtu aliyeshikwa na kisu.

"Mimi sikuja kwa ugomvi, mama. Mwanao ni mpishi mzuri, hajawahi kuunguza hata siku moja. Lakini na mimi nina watoto. Wa mwisho amerudi shule analia, wenzake wanamwita mtoto wa ndoo." Alisema hivyo akivuta sweta juu ya funguo, na Bibi, ambaye alijua kabisa kilichokuwa ndani ya ndoo, aliona haya. "Ile video itoke. Na itengenezwe nyingine, mama ueleze. Katibu akiiona, mambo yanaisha. Mwanao anarudi kazini Jumatatu."

"Nieleze nini?"

"Kwamba umri umekwenda. Akili zinakuruka."

"Zinaruka kwenda wapi?"

"Mama," binti alisema, macho chini. "Tafadhali."

Kidoti akaegemeza simu kwenye glasi. Bibi akakaa kwenye kiti chake, akashika mikono, akasema: "Mimi ni bibi yenu mnayenifahamu. Nimekuja kuwaambia kwamba maneno ya ndoo niliyoyasema Alhamisi hayana ukweli, nimeyasema kwa sababu ya uzee, na yule dada niliyemtaja namwomba radhi mbele yenu nyote."

Msimamizi alitikisa kichwa. "Umesema vizuri mno, mama."

"Si ndiyo ulivyotaka?"

"Unasema kama mtu mwenye akili zake. Hawatakuamini. Jaribu kusahau kidogo."

Walirudia. Mara ya pili Bibi alisahau mahali pasipofaa. Mara ya tatu msimamizi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayekagua sinia kabla halijatoka kwenda wodini.

"Ni hilo gauni," alisema. "Limenyooka sana. Huna jingine?"

Basi hapo ndipo palipomuuma Bibi, pakamuuma kuliko maneno yote. Alikuwa dobi. Hata maji ya bombani alikwenda kuyateka akiwa amepigwa pasi. Alimfulia mwanasheria, alimfulia mwalimu mkuu, alimfulia marehemu mumewe mpaka siku ya kumvisha mara ya mwisho, na hakuna aliyewahi kumwona na mkunjo. Binti alijua. Binti aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na gauni lililotoka kuanuliwa, limejikunja kama karatasi iliyotupwa.

"Dakika tano tu, mama," alisema. "Halafu unavua."

Alilivaa. Msimamizi mwenyewe alimvutia kitambaa cha kichwa kikae upande, kwa mkono mwepesi, kama anavyofanya mtu kwa mama yake mzazi. "Pole," alimwambia.

Video ya nne ilikubalika. Ndani yake bibi mmoja mwenye gauni la mikunjo alitazama pembeni, akasema, "Mimi… akili zangu sasa si nzima. Nasema tu. Naona vitu, nasema. Mnisamehe." Na hakuigiza. Wakati huo alikuwa kweli anatafuta mahali pa kuweka macho.

*

Binti alirudi kazini Jumatatu, na siku ya kwanza alileta habari kwamba mambo yameisha. Video ya radhi ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko zote. Kidoti hakutaka kumsomea Bibi maoni, Bibi akamlazimisha. "Masikini." "Ndio mwanzo, wa kwetu alianza hivihivi." "Msimwache peke yake na moto." Mmoja aliandika kwamba kumbe tulikuwa tunamcheka mgonjwa, Mungu atusamehe. Watu elfu nne walikubaliana naye.

"Waandikie kwamba mimi mzima," Bibi alisema.

"Siwezi, bibi. Mama atafukuzwa."

Katikati ya wiki mwalimu alimtuma mtu kuchukua mashati yake, hata yale mawili yaliyokuwa bado yamelowa. "Anasema asikusumbue, bibi. Upumzike." Mtu yule aliongea kwa sauti kubwa na polepole. Alipoondoka, Bibi alikuta kiberiti hakipo mahali pake.

"Nani amechukua kiberiti?"

"Nimekiweka juu," binti alisema kutoka ndani. "Kidoti ndiye atakuwa anawasha."

"Na pasi?"

"Na pasi aishike Kidoti."

Bibi alikwenda mpaka mlangoni, akamtazama mwanawe aliyekuwa anamenya viazi. "Mwanangu. Mimi na wewe tunajua ilikuwa mchezo."

"Najua, mama."

"Sasa kiberiti?"

Binti aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika. "Juzijuzi uliacha maji yanamwagika bombani," alisema.

"Siku hiyo nilikuwa navaa gauni la kuomba radhi. Nani angekumbuka maji?"

"Ndiyo, mama," binti alisema, kwa ile sauti ya ndiyo ambayo watu huwapa watoto. Bibi akaondoka pale mlangoni.

Kidoti naye hakuwa na mkono wa pasi, na kola zake zilitoka kama masikio ya mbuzi. Kuanzia siku hiyo Bibi alivaa nguo kama zilivyotoka kwenye kamba.

*

Lakini kicheko kikishatoka hakirudishwi kwa video. Wagonjwa walikuwa wameanza kuuliza kuhusu sukari. Mmoja aliukataa uji, akamwambia muuguzi, "Kwani leo Ijumaa?" Ofisi kuu ikamtuma mkaguzi wa stoo. Akahesabu magunia siku mbili, akakuta pungufu gunia tatu na nusu. Ikabidi apatikane mtu.

Jumatano ya wiki iliyofuata Bibi aliitwa pamoja na binti yake. Walikaa kwenye benchi la nje mpaka saa sita, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye feni inayozunguka bila upepo. Nyuma ya meza alikaa katibu wa hospitali, mwanamume wa makamo, mpole, miwani imefungwa uzi. Kando yake alikuwa mkaguzi na daftari. Msimamizi alikaa ukutani, funguo mapajani. Hakumtazama Bibi.

Katibu alicheza video zote mbili kwenye kompyuta yake. Ya ndoo, kisha ya radhi.

"Dada," alimwambia binti. "Ulituambia hujawahi kuongea habari za jiko nyumbani."

"Ndiyo, mzee."

"Wala ya ndoo."

"Wala ya ndoo."

"Basi mama aliitoa wapi?"

Msimamizi ndiye aliyejibu, kwa upole uleule wa siku ile ya glasi ya maji. "Mtu ambaye akili zimemwondoka hatungi, mzee katibu. Mimi nimemuuguza mama yangu hivyo miaka miwili. Hawezi kutunga. Anasema anachokiona. Mama huyu ameona ndoo ya sabuni yenye sukari. Sasa yeye hatoki nyumbani. Ameiona wapi?"

Mkaguzi akairudisha video ya kwanza, akaisimamisha, akageuza kompyuta waone wote. Nyuma ya bega la Bibi, ukutani, ilikuwepo ndoo nyeupe yenye mfuniko wa bluu. Ubavuni ilikuwa na namba ya stoo ya hospitali, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu.

"Hiyo ya kulowekea," Bibi alisema. "Mimi dobi. Nina ndoo nne."

"Ya hospitali ni moja, bibi."

"Ilitupwa," binti alisema. "Ilikuwa imepasuka. Niliiomba. Niliiomba kwake." Akamnyooshea mkono msimamizi.

"Kuna karatasi?" mkaguzi aliuliza.

"Karatasi ya ndoo iliyopasuka?"

Mkaguzi akaandika. Bibi alimwona binti yake anaikunja aproni mapajani, anaikunjua, anaikunja, na akaelewa kwamba mwanawe anazama, tena kamba iliyomfunga miguu wameisuka wao wenyewe pale ukumbini, na mwenye kuishika ncha alikuwa yeye. Akasimama.

"Sikilizeni, wanangu. Mimi akili zangu ni nzima. Habari ya ndoo niliambiwa na huyu mwanangu, jioni, anachovya miguu. Alikuwa ananiambia habari za huyu." Akamwonyesha msimamizi. "Huyu ndiye mwenye ndoo. Alikuja kwangu, akanywa maji, akaniambia nisahau. Hata gauni alinichagulia yeye. Nilitaka mtoto asipoteze kazi. Basi."

Feni ilizunguka. Kwa kitambo kidogo katibu alimtazama Bibi kama mtu anayemtazama mtu, na Bibi akaona pengo la kupita.

"Bibi," katibu alisema, "samahani nikuulize. Leo tarehe ngapi?"

Tarehe hakuwahi kuzijua, hata alipokuwa msichana. Za kazi gani? Nguo zilirudi kwa wenyewe kwa siku, si kwa tarehe. Na siku hizi hata siku alizihesabu kwa kitu kimoja. Akafikiri kwa bidii, kwa sababu alijua jibu hili lina uzito, akatafuta mahali alipokuwa na hakika kabisa.

"Leo," alisema, "ni siku ile Machozi anatoka hospitali na mtoto."

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Machozi ni nani, bibi?" katibu aliuliza taratibu.

"Mke wa Bwege."

Hakuna aliyecheka. Hilo Bibi alilikumbuka baadaye, kwamba hakuna aliyecheka. Wangecheka, angejua yupo. Katibu alivua miwani, akampigia kengele mhudumu, akasema, "Msaidie bibi akapumzike nje. Mpe maji ya kunywa." Mhudumu alimshika kiwiko. Alipogeuka mlangoni Bibi alimwona msimamizi amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na asingeweza kuapa kama yule mama alikuwa analia au anajificha. Hapa hapakuwa na mtu wa kumwonya, kama alivyowaonya wa kwenye tivii, ageuke nyuma atazame.

Binti alitoka baada ya robo saa. Aproni hakuwa nayo tena.

"Umewaambia nimekwambia," alisema walipokuwa wanavuka geti. Mlinzi alifungua, akatazama angani. "Nimewaapia sijakwambia, wewe umewaambia nimekwambia. Sasa mimi ni mwizi na mwongo."

"Nilisema kweli."

"Umeisema siku gani, mama? Umeisema siku gani hiyo kweli?"

Walitembea mpaka nyumbani. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa utosini, na mara mbili binti alimshika mama yake mkono kumvusha barabara, akauachia mara tu walipofika ng'ambo.

*

Tamthilia ilimalizika wiki iliyofuata, siku ya Jumamosi. Runinga ilikuwa bado haijapata mnunuzi. Mama Mkaa alikuja na kigoda chake, akasita mlangoni, akaingia. Binti alikuwa amelala chumba cha ndani, uso ukutani, mlango wazi. Hakuwa amekula tangu jana yake. Alikuwa amezunguka hoteli saba na shule mbili akiulizia kazi ya jikoni, na kila mahali waliuliza alitoka wapi na kwa nini.

"Nikae, Bibi?"

"Kaa. Kigoda chako."

Kidoti alikaa chini karibu na meza. Simu ilikuwa mkononi mwake na glasi ilikuwa mezani, mahali pake pa kila siku.

Ilikuwa sehemu ndefu, yenye harusi ndani yake. Mzee Kikohozi aliamka kwenye usingizi wa miezi. Bwege alipata akili, kwa kuchelewa. Kisha mlango wa ukumbi mkubwa ukafunguka, polisi wakaingia, wifi mrefu akarudi nyuma hatua moja, mbili, mkono ukashika pazia. Wakamfungua mkoba mbele ya wageni. Vito vyote vikamwagika juu ya meza, na mama mgonjwa akanyoosha kidole.

"Amepatikana," Mama Mkaa alisema, na furaha ikamshinda, akapiga paja. "Bi Funguo amepatikana, Bibi. Wamemkuta navyo. Sema basi. Sema kitu, sisi tulijua siku nyingi."

Kidoti alikuwa ameinua simu bila kujua kama ameinua. Chumba cha ndani kitanda kililia mara moja. Mtu alikuwa amegeuka.

Bibi aliitazama runinga. Yule mwanamke alikuwa anapelekwa ngazini, hereni zinang'aa, kila mtu aliyemkosea anamwona, na yule mama mgonjwa kila mtu anamwamini.

"Simjui huyo," alisema.

"Bi Funguo, Bibi. Si wewe uliyempa jina?"

"Simjui."

Mama Mkaa alimtazama Kidoti, Kidoti akaitazama simu, kisha akailaza kifudifudi mezani. Muziki wa mwisho ukapiga, majina yale yasiyokaa kwenye ulimi yakapanda moja moja kwenye kioo. Bibi aliyashusha macho mapajani. Gauni lilikuwa lile la kuomba radhi. Akalinyoosha kwa kiganja pale gotini, akakandamiza kama mwenye pasi, akahesabu kimoyomoyo kama alivyozoea kuhesabu kwenye kola. Akanyanyua mkono. Mikunjo ikarudi palepale.